Pikapu ya dizeli iliyopita kilomita 400,000: kuitunza na kuitafutia ubovu kati ya Molo na Kisumu

Mara mbili kwa wiki huiwasha pikapu yangu Molo saa kumi na moja alfajiri, magunia ya viazi yakiwa nyuma, nikateremka hadi soko la Kibuye, Kisumu. Kesho yake napanda tena. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu mita 1,130 hivi. Injini ni ya dizeli, lita 3, ya komoni reli (nozeli zote hupokea dizeli ya presha kubwa kutoka bomba moja) na yenye tabo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Niliinunua ikiwa na kilomita 260,000 na sasa imepita 400,000.

Mwaka wa kwanza nilimaliza pesa nikibadilisha vitu vizima. Asubuhi za Molo gari lilikuwa gumu kuwaka. Fundi akaniambia, "Mama, hizi nozeli zimekwisha." Nozeli ndizo zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda. Nikanunua nne za mtumba, na bado likakataa. Kumbe hita plagi mbili, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwaka, zilikuwa zimekufa, na dalili nilikuwa nayo muda wote: nikilala Kisumu, gari hilo hilo liliwaka alfajiri kwa stata moja. Kisumu kuna joto, injini haihitaji sana hita plagi. Nozeli zingekuwa ndizo, zingenisumbua hata huko.

Tangu hapo sinunui spea kabla ya kupima, na napima kwa mpangilio: mafuta, hewa, maji, umeme, na mwisho kabisa vitu vya ndani ya injini. Vya mwanzo ni rahisi kupima na bei yake ni ndogo. Vya mwisho ndivyo vinavyouza mashamba ya watu.

1. Siku ya kununua, anza upya

Geji ya kilomita hurudishwa nyuma, na maneno ya muuzaji hayana risiti. Chukulia kwamba hakuna kilichofanywa. Badilisha oili na filta yake, filta ya dizeli, ea klina, kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) na fenibelti.

Kisha uliza kama injini yako ina belti ya taiming au cheni. Toyota 1KD ina belti. Isuzu 4JJ1 ina cheni, na Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 nayo ina cheni. Belti ikikatika, pistoni hugonga vali na hedi huharibika papo hapo. Kwenye dizeli nyingi za Toyota kuna taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka muda wa kubadilisha ukifika, lakini fundi anaweza kuirudisha sifuri bila kugusa belti, kwa hiyo kutowaka kwake si ushahidi. Kama huna risiti, badilisha belti pamoja na tensheni yake, na pampu ya maji wakati sehemu hiyo imeshafunguliwa. Yenye cheni isikilize asubuhi sekunde za kwanza baada ya kuwasha: mlio kama wa mnyororo ukiburutwa kwenye bati maana yake cheni imelegea au tensheni yake haipati oili.

Nunua daftari la shilingi chache uliweke kwenye dashibodi. Andika tarehe, kilomita, lita ulizotia na kilichofanywa. Daftari langu ndilo lililonionyesha kwamba kulanti ilikuwa ikipungua nusu lita kila safari tatu, jambo ambalo jicho peke yake lisingeona.

2. Oili

Kila kilomita 5,000, bila kusogeza. Kwa injini kuukuu isiyo na DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi), 15W-40 ya dizeli yenye alama CI-4 inatosha. Yenye DPF inataka oili yake maalumu isiyo na majivu mengi, na hapo fuata kitabu cha gari.

Oili ya dizeli kuwa nyeusi siku mbili baada ya kubadilishwa ni kawaida, ni masizi. Kitu cha kuogopa ni oili inayoongezeka. Pima mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika kumi. Ikiwa imepanda juu ya alama, nusa kijiti. Harufu ya dizeli maana yake kuna nozeli inayovuja au DPF inayojisafisha mara kwa mara bila kumaliza. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na gari lisiwashwe tena mpaka lifunguliwe.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui linahusu zile washa za shaba zilizo chini ya nozeli. Zikichoka, gesi ya mwako hupenya na kugeuza oili kuwa kama lami, na makaa yake hushuka kuziba chujio lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Taa ya oili huanza kuchelewa kuzimika asubuhi. Ukiona hivyo, au ukisikia mlio wa chaf-chaf karibu na nozeli, mwambie fundi ashushe sampu alitazame chujio. Kazi hiyo ni ya siku moja. Kuipuuza ni kununua injini.

Oili chafu usiimwage mtaroni, hasa Kisumu, kwa kuwa mtaro unaishia ziwani. Watu wa nguzo za uzio huichukua kwa furaha, wanapaka mbao dhidi ya mchwa.

3. Dizeli yenyewe

Pampu ya presha haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na ndiyo sababu dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaiua polepole: mafuta ya taa ni makavu. Mwaka 2018 serikali iliongeza kodi ya mafuta ya taa ili uchanganyaji huo usiwe na faida, lakini maji na uchafu bado vipo, na dizeli ya mitungi inayouzwa kando ya barabara kuu hujui ilikotoka. Mimi naepuka mtungi hata nikiwa na haraka. Pia siweki mafuta kituo kikiwa kinashushiwa na lori, kwa sababu uchafu wa chini ya tanki unakuwa umekorogwa.

Kila Jumapili fanya hivi. Weka chupa ya kioo chini ya filta ya dizeli, legeza kifungio cha chini, tekenya pampu ya mkono mara kadhaa, jaza robo ya chupa. Iache itulie nusu saa. Maji hukaa chini kwa mstari ulio wazi, na uchafu huonekana kama vumbi la kahawa. Msimu wa mvua, hasa ukilaza gari Kisumu tanki likiwa karibu tupu, unyevu hugeuka matone ndani ya tanki, kwa hiyo jaza jioni badala ya asubuhi. Filta ibadilishwe kila kilomita 10,000, na ya zamani ikatwe uitazame ndani. Vumbi linalong'aa kama fedha maana yake pampu inajila yenyewe. Hapo usiendelee kuendesha, maana chuma hicho kinaelekea kwenye nozeli.

Gari likipoteza nguvu mlimani, tuseme unatoka Awasi vizuri lakini ukipita Kapsoit linaanza kuzubaa, anza na filta hii. Filta iliyoziba huruhusu mafuta ya kutosha kwenye tambarare ya Ahero na kunyima pale injini inapodai mengi.

Likiwa linazimika au linachelewa kuwaka baada ya kulala, shuku hewa inayoingia kwenye mpira wa kuvuta mafuta. Jaribio ni rahisi. Laza gari usiku mmoja pua ikitazama juu ya mteremko, usiku mwingine ikitazama chini. Tofauti ikiwa kubwa, mafuta yanarudi tankini kwa sababu hewa inapenya mahali. Weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya filta utazame mapovu. Mara nyingi tatizo ni klipu iliyolegea, au ringi ya filta iliyowekwa ikiwa kavu.

Kutoa hewa kwenye komoni reli, tekenya pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kisha piga stata. Usilegeze nati za nozeli kama tulivyozoea kwenye injini za zamani za pampu ya kawaida. Presha ya komoni reli inaweza kupita baa 1,600. Mafuta yanayoruka kwa nguvu hiyo hutoboa ngozi, na kidonda kinachoonekana kama cha sindano kinaweza kumpotezea mtu mkono. Ikitokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nozeli zenyewe unaweza kuzipima kabla ya kuzilipia. Chomoa mipira ya mafuta yanayorudi, unganisha kila nozeli na mrija wake uingie kwenye chupa yake, kisha ziba ule mpira unaorudi tankini. Chupa nne ziwe za ukubwa mmoja. Washa, acha injini ingurume dakika tatu bila kukanyagwa. Chupa iliyojaa kuliko wenzake ndiyo yenye nozeli iliyochakaa. Peleka hiyo, acha nyingine.

4. Maji na joto

Hapa ndipo dizeli nyingi za upande wetu zinapofia, na sababu iko kwenye ramani. Kutoka Ahero hadi Mau Summit unapanda zaidi ya mita 1,300, na unapopanda, maji huchemka mapema zaidi. Kisumu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Molo ni kama 92. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni kifuniko chenye springi, kinachoshikilia presha ya karibu baa moja na kukusogezea kiwango hicho zaidi ya nyuzi 110. Mpira wa kifuniko ukikauka, gari litakwenda wiki nzima mjini bila shida na kuchemsha siku utakayopanda mlima na mzigo. Kifuniko ni cha mia chache za shilingi. Badilisha kila miaka miwili hata kikionekana kizuri, na usikifungue kamwe injini ikiwa moto.

Tia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yaliyotonwa, yale yanayouzwa kwa chupa ya kuongezea betri, si asidi. Maji ya kisima yana madini, na yakipashwa moto kila siku huacha magamba kama yale ya birika la chai. Nimeona rejeta ya rafiki ikikatwa Nakuru: mirija ya chini ilikuwa imeziba kama mishipa.

Injini ikichemsha, pima kwa mpangilio huu. Kwanza kiwango cha kulanti ikiwa baridi. Pili, nje ya rejeta na ya kondensa ya AC, kwa sababu wadudu na majani ya miwa ya ukanda wa Muhoroni na Chemelil hujaa katikati ya mapezi. Osha ukitokea upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya nguvu ndogo. Tatu, klachi ya feni: injini ikiwa imezimwa na baridi, zungusha feni kwa mkono. Ikiendelea kuzunguka yenyewe mara nyingi, mafuta ya ndani yamekwisha na mlimani feni haivuti.

Nne, themostati. Itoe, itie kwenye sufuria ya maji jikoni na uitazame ikifunguka. Nyingi zimeandikwa 82, maana yake zinaanza kufunguka kwenye nyuzi hizo. Ukiipimia Molo usitarajie ifunguke yote, kwa kuwa maji ya sufuria hayatapita 92. Inayokataa kabisa ibadilishe. Usikubali itolewe na kutupwa, desturi ambayo mafundi wetu wengi wanayo. Bila themostati injini haipati joto lake, inakula mafuta, silinda zinachakaa, na kwenye injini nyingi njia ya mkato ya maji inabaki wazi, kwa hiyo sehemu ya maji hairudi kwenye rejeta hata kidogo.

Mwisho ni gasketi ya hedi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, washa, tazama. Mapovu yasiyokwisha, au, kifuniko kikiwa kimefungwa, hosi ya juu kuwa ngumu kama ubao ndani ya dakika moja, maana yake gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hedi ikitolewa, dai ipimwe unyoofu na nyufa kwenye karakana yenye mashine kabla gasketi mpya haijanunuliwa. Kuirudisha bila kupima ni kuifungua tena baada ya miezi miwili.

5. Hewa na tabo

Vumbi la barabara za murramu ni msasa. Ea klina ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na baada ya kupulizwa mara tatu inunuliwe mpya.

Mipira ya tabo hupasuka mahali pasipoonekana. Dalili ni moshi mweusi, nguvu kupotea, na mlio wa pssss ukikanyaga. Paka maji ya sabuni, mwenzako akanyage resi, tafuta mapovu. Kabla ya kuambiwa tabo imekufa, toa mpira wa mbele ushike shafti yake. Kucheza kidogo kando kando ni kawaida. Kuingia na kutoka, au panga kugusa ukuta, si kawaida.

Ukishamaliza kupanda Mau Summit na ukataka kusimama kununua mahindi ya kuchoma, acha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iendelee kuipoza tabo.

Tabo iliyokufa inaweza kumwaga oili kwenye njia ya hewa, na dizeli huichoma oili hiyo kama mafuta yake. Injini hupaa resi yenyewe na ufunguo hauizimi. Kwa gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa, achia klachi mpaka izimike. Kwa otomatiki, ziba mdomo wa hewa kwa ubao, kamwe si kwa kiganja. Ikishindikana, ondoka karibu nayo.

Magari yenye DPF sina mazoea nayo sana, ila nasema hili kwa wale wa Milimani na Kondele, mitaa ya Kisumu, wanaoendesha kilomita tatu kwenda kazini na tatu kurudi: chujio hilo hujisafisha likipata mwendo. Mara moja kwa wiki lipeleke gari barabara ya Busia kwa dakika 20 au 30 bila kusimama, na usizime katikati.

6. Likikataa kuwaka

Sikiliza kwanza. Stata ikizunguka polepole, pima betri: ikiwa imepumzika iwe na volti 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Betri ikiwa nzima, safisha waya wa athi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Ukisikia tik moja tu, mara nyingi ni kontakti za shaba ndani ya stata zimelika. Kibuye zinabadilishwa bila kununua stata nyingine.

Stata ikizunguka kwa kasi lakini bila moshi wowote kwenye ekzosi, mafuta hayafiki. Stata ikizunguka kwa kasi na moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika ila hayawaki: pima hita plagi kwa mita ya umeme. Nzima huonyesha omu moja au chini yake, na iliyokufa haionyeshi kitu. Usizitoe injini ikiwa kavu na baridi. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, zisije zikakatikia kwenye hedi.

Dawa ya kupuliza kwenye ea klina ili gari liwake siitumii. Hulipuka kabla ya wakati na inaweza kuvunja ringi za pistoni.

7. Moshi

Mweusi: mafuta mengi au hewa kidogo, kwa hiyo rudi hatua ya 5, kisha vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) iliyonata kwa masizi. Mweupe unaoisha injini ikipata moto: hita plagi, au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) iliyoanza kushuka. Mweupe usioisha, wenye harufu tamu: kulanti inaungua. Wa bluu: oili, kutoka tabo, sili za vali au ringi.

8. Kuteremka Sachangwan

Dizeli haina mvuto wa hewa wa kusaidia breki kama petroli, hivyo ina pampu yake ya vakyumu, ambayo kwenye baadhi ya injini iko nyuma ya altaneta. Pedali ikianza kuwa ngumu, tazama pampu hiyo na mpira wake kabla ya kulaumu breki. Kwenye mteremko wa Sachangwan, kati ya Mau Summit na Salgaa, shuka kwa gia ambayo ungepandia. Kuachia gari huru injini ikiwa imezimwa kunakupokonya vakyumu baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na mteremko ule umeshazika wengi.

9. Kabla ya kukubali ovahoo (kufungua na kufufua injini nzima)

Dai kipimo cha kompresheni, silinda moja moja, na uandike namba kwenye daftari. Zote zikiwa chini kidogo lakini karibu sawa, injini imezeeka na bado inaweza kufanya kazi. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tafuta sababu ya hiyo moja: vali, gasketi au pistoni. Legeza pia kifuniko cha oili injini ikinguruma. Mvuke kidogo ni kawaida. Moshi unaosukuma kifuniko kwa mapigo unaelekeza kwenye ringi.

Mwombe fundi akurudishie kila kilichotolewa, kwa heshima, kabla kazi haijaanza: "Fundi, vitu vya zamani nitaenda navyo." Vipeleke nyumbani uvitazame mchana kweupe. Washa ya shaba iliyo nyeusi upande mmoja inakuonyesha gesi ilipokuwa ikipita, na bearingi iliyokwaruzwa inakuambia ushushe sampu ulitazame lile chujio kabla injini iliyofufuliwa haijatiwa oili.